Sauti Kando ya Picha: Filamu za Mapigano na Kiswahili katika Nyanda za Juu Kusini



1. Utangulizi

Katika mihadhara ya aina hii tumezoea kusikia habari za tenzi, za hati za kale, za usanifishaji wa lugha na za riwaya za waandishi wetu mashuhuri. Mada ya leo inaweza kuonekana nyepesi ikiwekwa kando ya hizo. Nakusudia kuzungumzia filamu za mapigano, zile zilizoyaleta kwetu majina ya Bruce Lee, Rambo na Komando, na namna zilivyotazamwa kwa mara ya kwanza na watu wa Mbeya na Iringa.

Swali langu ni la kihistoria. Kijana wa Makambako, wa Tukuyu au wa Mafinga alipoketi kwenye benchi la mbao na kuitazama filamu ya namna hiyo kwa mara ya kwanza, alikutana na nini hasa? Jibu la haraka ni kwamba alikutana na Marekani, au na Hong Kong. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini linasahau kwamba katika chumba kile palikuwa na mtu aliyekuwa akisema. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba, kwa watazamaji wengi wa vibandani, filamu ya kigeni ilikamilika ilipopata sauti ya Kiswahili, na kwamba sauti hiyo ni sehemu ya historia ya lugha yetu. Sehemu hiyo hatujaiandika vya kutosha, na vyanzo vyake vinapotea.

2. Kabla ya video

Tusidhani kwamba sauti ya mfasiri ilianza na mikanda ya video. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Tanganyika ilikuwa kituo cha jaribio kubwa la sinema ya elimu kwa Waafrika, lililoongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Filamu zake zilitembezwa kwa lori hadi Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Picha zilikuwa zilezile popote zilipokwenda; kilichobadilika ni maelezo, yaliyotolewa kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Hivyo tangu mwanzo filamu ilimfikia mwananchi ikiwa vitu viwili vilivyotengana: picha ya watu wote, na sauti ya mahali alipo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili zilitengenezwa filamu zilizoigizwa kwa Kiswahili chenyewe. Inayokumbukwa zaidi ni Muhogo Mchungu ya mwaka 1952, ambamo mwigizaji mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, kijana aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa nchi. Wakati huohuo majumba ya sinema yalienea mijini. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2018 kuhusu sinema za Tanzania, ameonyesha jinsi majumba hayo yalivyokuwa sehemu ya maisha ya mji. Picha za Kihindi na za Kimagharibi, na katika miaka ya 1970 picha za kungfu kutoka Hong Kong, zilivuta umati. Bruce Lee alifariki dunia tarehe 20 Julai 1973, mwezi mmoja kabla ya Enter the Dragon kuanza kuonyeshwa Marekani. Basi watu wengi duniani walipomwona katika picha hiyo kwa mara ya kwanza, walikuwa wakimtazama marehemu.

Katika Nyanda za Juu Kusini, miaka hiyo ilikuwa pia miaka ya reli. Ujenzi wa TAZARA ulianza mwaka 1970, na reli yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976. Ilipita Makambako, ambayo wakati huo ilikuwa katika Mkoa wa Iringa na tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Njombe, kisha ikapita Mbeya na Tunduma. Wakazi wa kando ya reli walikuwa wamewaona Wachina wa kweli, mafundi na vibarua wenye majembe na vipimo, wakichimba mahandaki na kujenga madaraja. Kwa hiyo “picha la Kichina” halikumletea mtazamaji wa huko sura ngeni kabisa. Lilimletea sura aliyopata kuiona ikifanya kazi ya mikono, sasa ikiruka na kupiga mateke.

Jambo la tatu linahusu maandishi. Faraji Katalambulla alichapisha Simu ya Kifo mwaka 1965, na Elvis Musiba alimleta mpelelezi Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, kisha katika Kikosi cha Kisasi mwaka 1979. Vitabu hivi vilipita mikononi mwa vijana hadi vikachakaa. Bastola, njama, kikosi, mpelelezi na kisasi vilikwisha kupata lugha ya Kiswahili yenye mwendo wa kasi kabla video haijafika. Mtu aliyesimama kando ya televisheni kueleza habari za Komando hakuanza na kinywa kitupu. Nyuma yake palikuwa na fani iliyokwisha kujengwa.

3. Kibanda

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, lakini matangazo yake hayakuwa na maana kwa mtu wa Iringa. Baada ya masharti ya biashara kuanza kulegezwa mwaka 1984, deki za video na mikanda ziliongezeka nchini, na katika miji mingi video ikawatangulia watangazaji. Mwenye deki, televisheni na chumba aliweza kufungua biashara. Pasipo na umeme alihitaji jenereta. Katika miji ya barabara kuu iendayo Zambia, kama Mafinga, Makambako na Tunduma, na pia kwenye masoko na stendi za Iringa na Mbeya, palikuwa na wapita njia wa kutosha kulijaza benchi.

Jina la mahali hapo linastahili kutazamwa na wanaisimu. Watu walipaita kibanda, na baadaye kibanda umiza. Ni muundo wa kuvutia: nomino imefuatwa na shina tupu la kitenzi, bila kirejeshi wala kiunganishi. Sarufi ya shuleni ingetaka “kibanda kinachoumiza”. Wasemaji walichagua ufupi, na ndani ya ufupi huo wakatia mzaha juu ya benchi gumu, joto na msongamano wa watu.

Neno la filamu yenyewe nalo lilipata sarufi yake. Picha ya ukutani ni ndogo, hivyo picha “inaning’inia”. Filamu ni picha ya kutisha kwa ukubwa, hivyo “picha linaanza”. Upatanisho wa kikuza umetenganisha maana mbili za neno moja, na kazi hiyo haikufanywa na kamati yoyote. Leo msimulizi wa kisa chochote, hata kisicho na uhusiano na sinema, anaweza kusema “picha linaanza” pale mambo yanapoanza kuchacha. Tuna hapa fomula ya kufungulia hadithi iliyojiunga na “paukwa” na “hadithi hadithi” katika mazungumzo ya kila siku.

Tukumbuke pia ni Kiswahili gani vijana hao walikuwa nacho. Nyumbani wengi walisema Kihehe, Kibena, Kikinga, Kinyakyusa, Kisafwa, Kinyiha au Kisangu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na elimu hiyo ilitolewa kwa Kiswahili. Lakini Kiswahili cha darasani kilikuwa cha kujibu maswali, na cha mkutano wa kijiji kilikuwa cha maagizo na taarifa. Kibandani walikisikia Kiswahili kikitania, kikitukana kwa ustadi, kikilia na kujigamba. Kwa mtoto wa kijijini aliyeshuka mjini siku ya gulio, hilo lilikuwa somo la lugha lisilokuwa katika mtaala.

4. Kazi ya mfasiri

Mwanzoni aliyeeleza filamu aliweza kuwa mwenye kibanda mwenyewe au kijana aliyepita sekondari. Baadaye, hasa katika miaka ya 1990, kazi hiyo ikawa na mabingwa wake. Maarufu kuliko wote nchini alikuwa Derek Gaspar Mukandala wa Dar es Salaam, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Sauti zilirekodiwa juu ya mikanda, na mikanda hiyo ikasafiri mbali na mwenye sauti. Kenya ikampata DJ Afro, na Uganda ikampata VJ Jingo aliyesimulia kwa Kiganda. Mwanaanthropolojia Matthias Krings, katika kitabu chake cha mwaka 2015, ameichunguza kazi ya Lufufu kwa makini.

Ni rahisi kumwona mfasiri huyu kama mtu aliyejaza pengo la Kiingereza. Napenda tutazame mifano miwili ili tuone ukubwa wa pengo lenyewe, na jinsi picha peke yake ilivyoweza kumpotosha mtazamaji.

Mfano wa kwanza ni Commando ya mwaka 1985, iliyoigizwa na Arnold Schwarzenegger. John Matrix, askari mstaafu aliyetekewa binti yake, alikuwa amemwahidi mmoja wa maadui, Sully, kwamba atamuua wa mwisho. Baadaye anamshika mguu na kumning’iniza juu ya korongo, anamkumbusha ahadi ile, anasema alidanganya, kisha anamwacha aanguke. Mtazamaji asiyesikia lugha aliona mtu akitupwa korongoni, basi. Aliyefasiriwa aliona ahadi ikivunjwa, akalazimika kujiuliza iwapo adui anastahili kutimiziwa ahadi. Kisha mwanamke aliyefuatana na Matrix anamwuliza Sully yuko wapi. Jibu la Kiingereza lina maana mbili: amemsamehe aende zake, au amemwachilia mkononi. Kiswahili kinalibeba jibu hilo bila taabu, kwa neno moja: “Nimemwachia.” Mfungwa huachiwa, na kamba huachiwa. Mfasiri aliyelipata neno hilo hakupoteza kitu, na kibanda kizima kiliweza kucheka kwa sababu ileile iliyochekesha Marekani. Mfasiri aliyesema tu “nimemuua” alieleza tukio, lakini aliiua fasihi iliyokuwamo. Tofauti kati ya wawili hao ndiyo tunayoifundisha katika madarasa ya tafsiri.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. First Blood ya mwaka 1982 ndiyo iliyomtambulisha Rambo. Wengi hukumbuka bunduki, msitu na kisu. Lakini filamu hiyo inamalizika kwa maneno. Askari aliyerudi kutoka Vietnam, aliyefukuzwa kama mzururaji katika mji mdogo wa nchi yake mwenyewe, anaketi mbele ya kamanda wake wa zamani na kulia. Anasimulia rafiki aliyelipuliwa na bomu mikononi mwake, na jinsi yeye aliyekabidhiwa silaha za thamani kubwa vitani alivyokosa hata kazi ya kibarua alipofika nyumbani. Bila maneno hayo filamu ni ya ushindi wa mtu mwenye nguvu. Pamoja na maneno hayo ni mashtaka dhidi ya nchi iliyowatumia vijana wake na kuwatupa.

Sasa tulipeleke tukio hilo Iringa au Mbeya katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Vita dhidi ya Idi Amin vilipiganwa mwaka 1978 na 1979. Pamoja na jeshi la kawaida walikwenda wanamgambo kutoka mikoa mbalimbali. Kampala ilitekwa mwezi Aprili 1979, na baadaye wengi wao walirudi kwenye jembe katika miaka ya uhaba wa sukari, sabuni na nguo. Nyimbo na hotuba zilieleza ushindi. Maneno ya hadharani juu ya mtu anayeamka usiku akipiga kelele yalikuwa machache. Mfasiri aliyekuwa mbele ya benchi alishika ufunguo wa mlango huo. Alipoamua kunyamaza wakati Rambo analia, kwa kuwa vijana walikuja kuona ngumi na walikwisha kuanza kuinuka, tukio lilipita. Alipoamua kusema, palisikika kwa Kiswahili lugha ya askari aliyevunjika moyo. Hatuna kumbukumbu za kutosha kutuambia ni mara ngapi lilitokea hili na mara ngapi lile. Lakini kwa mwanahistoria, mtu mwenye uamuzi kama huo ana hadhi ya mwandishi.

5. Stelingi hafi

Kutoka kibandani lugha ilibeba mzigo wa maneno. Mfuko wa plastiki wenye mishikio uliitwa mfuko wa rambo, jina lililodumu hadi mifuko hiyo ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019. Filamu yenyewe iliitwa mkanda, na wapo walioendelea kuiita hivyo hata ilipohamia kwenye sahani zisizo na utepe wowote ndani yake.

Neno lililofika mbali zaidi ni stelingi. Asili yake ni neno la Kiingereza lililochapishwa kwenye mabango kabla ya jina la mwigizaji mkuu. Katika Kiingereza ni umbo la kitenzi. Kwetu liligeuka nomino ya mtu, likapata upatanisho wa viumbe hai: stelingi amefika, stelingi anapigana. Wapo wanaolitamka kwa r, wapo kwa l. Katika eneo ambalo lugha kama Kinyakyusa haitumii r, matamshi ya l si ajabu. Kando yake limesimama neno la Kiswahili lililokuwapo siku zote, adui. Hivyo kila picha likagawanyika mara mbili, na kijana aliyechelewa kuingia aliuliza swali moja tu: stelingi ni yupi?

Likafuata na fundisho: stelingi hafi. Ni kauli ya watazamaji, na watu huitumia hata kwa mambo ya siasa na mpira. Nadhani kauli hiyo inastahili kuwekwa mbele ya historia ya Iringa. Mtwa Mkwawa alivishinda vikosi vya Emil von Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Miaka saba baadaye, tarehe 19 Julai 1898, alijiua kwa risasi akikataa kukamatwa na Wajerumani. Fuvu linalotambuliwa kuwa lake lilirudishwa mwaka 1954 na linahifadhiwa Kalenga. Mtoto aliyekulia karibu na Kalenga alikuwa na stelingi aliyekufa, na ambaye ukuu wake ulikuwa katika kuichagua namna ya kufa. Filamu ilimletea sheria nyingine: shujaa ni yule anayebaki hai picha linapokwisha.

Filamu zenyewe hazikuishika sheria hiyo sawasawa. Katika Fist of Fury ya mwaka 1972, Bruce Lee anarukia mitutu ya bunduki, na picha inagandishwa angali hewani. Katika Sholay ya mwaka 1975, mmoja wa mashujaa wawili anakufa akiwaokoa wenzake. Katika riwaya ya David Morrell iliyozaa First Blood, Rambo anakufa. Ni watengenezaji wa filamu waliomwacha hai. Kauli ya “stelingi hafi” basi ilikuwa matumaini ya watazamaji zaidi ya kuwa maelezo sahihi ya walichokitazama. Walijua kutokana na historia yao, na kutokana na baadhi ya picha zenyewe, kwamba mashujaa hufa. Walilipa kiingilio ili kwa saa moja na nusu iwe vingine.

6. Linalotukabili

Mheshimiwa Mwenyekiti, utendi ukipatikana kwenye sanduku la familia huko Lamu au Pate, twajua la kufanya: tunaunakili, tunauhariri, tunaujadili. Mkanda wenye sauti ya mfasiri ukipatikana kwenye stoo ya Mwanjelwa, twautupa. Utepe wa sumaku unaharibika kwa unyevu na vumbi, na deki za kuuchezea zimekuwa adimu. Wafasiri wa kwanza na watazamaji wao wamekwisha kuwa watu wazima.

Wajapani walikuwa na wasimulizi wa aina hii katika enzi ya filamu zisizo na sauti. Waliitwa benshi, na watu walikwenda kuwasikiliza wao kama walivyokwenda kuitazama filamu. Sinema yenye sauti iliwaondoa kazini katika miaka ya 1930, lakini leo wamo katika historia ya sanaa ya nchi yao, na sanaa hiyo bado inaonyeshwa. Kwetu, kazi kama hiyo imebaki kutajwa zaidi inapozungumzwa habari ya uharamia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwenye filamu, na ni haki yake. Wafasiri wengi hawakuomba ruhusa ya mtu. Lakini suala la nani alipwe na suala la nini kihifadhiwe ni masuala mawili, na la kwanza lisitumike kuliua la pili. Simulizi iliyotungwa papo kwa papo mbele ya hadhira ni fasihi simulizi, iwe imesimuliwa kando ya moto au kando ya televisheni.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wa Iringa na Mbeya, walio karibu na chanzo, wafanye mambo matatu. Wakusanye mikanda iliyobaki, kila mmoja ukiandikiwa mahali ulipopatikana na nani alisikika ndani yake. Wawahoji waliowahi kufasiri: walijifunzaje Kiingereza, waliruka nini, walitia methali zipi, na je, lugha za nyumbani ziliingia? Tatu, wawahoji watazamaji, wanawake na wanaume, juu ya filamu ya kwanza waliyoiona, na waandike wanachokumbuka kusikia kando ya wanachokumbuka kuona.

7. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba filamu ya mapigano ilifika katika Nyanda za Juu Kusini ikapokewa na lugha iliyokwisha kuwa na riwaya zake za kipelelezi, na watu waliokuwa na mashujaa wao, reli yao na vita vyao. Mfasiri ndiye aliyevikutanisha vitu hivyo. Alifanya kazi gizani, bila karatasi, filamu ikiendelea bila kumsubiri, na hadhira iliyokuwa tayari kumzomea akikosea. Wengi tuliopata bahati ya kusoma hatukumhesabu kuwa mtaalamu wa lugha. Watazamaji walimhesabu: walipoutaja mkanda waliouona, walitaja pia nani aliutafsiri.